Mgonjwa Ni Nani: Mti, Shamba au Mwenye Shamba?

Mti huhesabiwa kuwa mgonjwa pale kazi mojawapo ya uhai wake inapovurugika kwa mfululizo: kufyonza maji, kutengeneza chakula majanini, kukuza tabaka jipya chini ya gome au kuzaa. Kinachovuruga chaweza kuwa kuvu, bakteria, virusi, minyoo ya udongoni au hali ya mahali penyewe, kama maji yaliyotuama na udongo uliopungukiwa madini. Maana hii hufundishwa katika vyuo vya kilimo, na kwa kazi ya kila siku yatosha. Hata hivyo, imebeba swali ambalo hadubini haiwezi kulijibu: kuvurugika huko ni hasara ya nani? Jibu lake ndilo linaloamua mti utibiwe, uachwe au ukatwe.

Udi unaofukizwa majumbani huonyesha uzito wa swali hilo. Mti wa udi ukiwa mzima una mbao nyeupe, nyepesi, zisizo na harufu. Harufu huja baada ya mti kujeruhiwa na kuingiliwa na kuvu. Hapo mti hujihami kwa kujaza utomvu mzito sehemu iliyoshambuliwa, na sehemu hiyo hugeuka nyeusi, nzito, yenye kunukia inapokutana na kaa la moto. Wakulima wa Asia ya Kusini-Mashariki hutoboa mashina makusudi na kupandikiza kuvu ili maradhi yaingie, kwa kuwa kwao mti usiougua ndio hasara. Upande wa pili upo mwembe uliostawi, wenye kivuli kizito na majani yasiyo na doa, ambao mwenyewe anaulalamikia kwa kuwa hauzai. Mti wa udi unaumwa na mwenyewe anafurahi. Mwembe ni mzima na mwenyewe ananuna. Kumbe afya ya mti na faida ya mwenye mti ni mambo mawili, na aghalabu huchanganywa.

Aristotle alifundisha kwamba mmea una nafsi ya daraja la chini kabisa: hauhisi wala haufikiri, ila hujilisha, hukua na huzaa mfano wake. Kwa mtazamo huo mti una lengo lake hata pasipo mtu wa kula matunda yake, na kinachouzuia kulifikia lengo hilo ni dhara kwake. Mwanafunzi wake Theophrastus aliandika habari za maradhi ya miti, yakiwemo mabuu, ukurutu na kuunguzwa na jua, akaeleza pia kwamba miti ya mwituni haipatwi na maradhi ya kuua kama ile inayotunzwa na watu. Hoja ya Aristotle ilirudi kwa sura mpya mwaka 1986, pale mwanafalsafa wa Marekani Paul Taylor, katika kitabu chake Respect for Nature, aliposhikilia kwamba kila kiumbe hai kina wema wake chenyewe, hata kama hakihisi, na kwa hiyo kinastahili heshima.

Katika Uislamu msingi ni amana. Mwanadamu ni khalifa katika ardhi asiyoiumba, na atahesabiwa kwa alichokabidhiwa. Mafundisho ya Mtume huhesabu kuwa sadaka kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutoka kwenye mti uliopandwa na Muislamu. Kwa kipimo hicho mwembe mchache wa maembe bado una wenyewe wengi, na mavuno ya sokoni si hesabu pekee inayofungwa juu yake. Njia ya falsafa na njia ya dini zinatofautiana chimbuko, lakini zinamfikisha mtunza miti mahali pamoja: mti una haki ambayo haitokani na bei yake, na haki ya kwanza ni kujulikana unaumwa nini kabla ya kuguswa.

Kujua huko kuna utaratibu wake. Mchungwa wa uani uliopauka majani waweza kuwa umekosa chuma au naitrojeni, umesimama kwenye maji, umeshambuliwa na minyoo, au umeoza mizizi. Jani peke yake halitoi ushahidi wa kutosha, hivyo mtambuzi hushuka chini. Hufukua udongo shingoni mwa shina, hutazama kama gome limepasuka na kutoa gundi, kisha hulikwangua kwa ncha ya kisu. Gome lililo hai huwa na unyevu na rangi ya kijani iliyoelekea nyeupe. Lililokufa huwa la kahawia. Na mpaka kati ya hayo mawili huonyesha maradhi yamefika wapi. Gundi pamoja na ukahawia unaopanda kutoka ardhini humfanya ashuku fitoftora, kimelea ambacho mbegu zake huogelea katika maji ya udongo. Mara nyingi hugundulika kwamba mche ulipandwa kwa kina mno, au udongo umerundikwa kwenye shina kila palilio. Kimelea ni mshtakiwa, lakini mpanzi naye ana sehemu yake katika kesi. Ugonjwa hutaka mambo matatu kwa pamoja: mmea unaoupokea, kisababishi na mazingira yanayokiruhusu. Likikosekana moja, hautokei.

Panapohitajika uthibitisho kamili, kimelea hutengwa kutoka kwenye mti mgonjwa, huoteshwa peke yake, huambukizwa kwenye mti mzima, na hutakiwa kuleta dalili zilezile na kupatikana tena. Miti ya elmu ilipoanza kunyauka Uholanzi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wapo walioshuku ukame na wengine gesi za sumu za vitani. Mtafiti Bea Schwarz alimtaja kuvu aliyehusika mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini ubishi uliendelea mpaka Christine Buisman alipolithibitisha jambo hilo mwaka 1927. Katika miaka hiyo ya ubishi miti iliendelea kufa, na hakuna hatua ya maana iliyoweza kuchukuliwa dhidi ya adui asiyekubaliwa na wote.

Kutafuta kisababishi hakugongani na imani. Mwembe ukikauka ghafla, si ajabu kusikia kwamba umepigwa jicho, au kwamba ni kudra tu. Lakini anayeamini kudra hakuondolewa wajibu wa kufukua mizizi. Sahih Muslim ina mapokezi kuhusu watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende kwa mikono. Mtume alidhani kazi hiyo haina faida. Walipoiacha mavuno yakapungua, naye akawarudishia shauri, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wajuzi wa mambo hayo ya kidunia. Somo kwa mtunza miti ni wazi: ujuzi wa miti hupatikana kwa kuichunguza miti, na dini haimwombei udhuru asiyechunguza.

Ugonjwa ukishajulikana, tiba nayo hugongana na tabia ya mti wenyewe. Jeraha la mtu hupona kwa nyama mpya kushika mahali pa ile iliyoharibika. Mti haufanyi hivyo. Alex Shigo, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua mashina mengi kwa msumeno wa mota kufuata njia ya uozo ndani yake, na mwaka 1977 akaeleza jinsi mti unavyojenga kuta kuizunguka sehemu iliyoharibika, ukaifungia ndani na kuendelea kukua kwa nje. Mbao iliyooza hairudi kuwa nzima. Mti mkongwe hubeba mwilini majeraha yake yote tangu ulipokuwa mche; kinachoutofautisha na uliokufa ni kwamba uliwahi kuyazingira.

Maarifa hayo yaliangusha desturi nyingi za watu wenye nia njema. Kupaka lami kwenye kidonda hakuzuii uozo. Kujaza saruji kwenye pango la shina hakuurudishii mti nguvu. Kukata tawi hadi likawa sawasawa na shina huondoa ule uvimbe wa shingoni ambamo mti hujengea ukuta wake. Tiba iliyobaki ni ya unyenyekevu: kuondoa udongo uliorundikwa, kufungua njia ya maji, kukata tawi bovu mahali panapofaa, kulisha ardhi, kisha kuuachia mti kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuufanyia. Injili ya Luka, sura ya 13, ina mfano unaofanana na hilo: mwenye shamba anataka mtini usiozaa ukatwe, mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutia samadi. Mtunzaji huyo haombi muujiza wala hakatai kwamba huenda mti ukakatwa baadaye. Anaomba muda na anataja kazi atakayoifanya ndani ya muda huo.

Dawa za viwandani zina mahali pake, ila nazo huja na gharama. Katika mikoa ya kusini ya Tanzania salfa ya unga hupulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga usiharibu machipukizi na maua. Salfa hukinga, ila ua lililokwisha kuungua hailiamshi. Ikipulizwa msimu baada ya msimu, huongeza tindikali udongoni, na mazao yanayofuata hulipa deni hilo. Anayeuliza kama dawa ni halali kwa mti huu hana budi kuuliza pia inamwangukia nani baada ya mti huu.

Swali gumu kuliko yote ni la kukata. Tabibu wa watu haruhusiwi kumuua mgonjwa ili kuwakinga majirani, lakini mganga wa miti hufanya hivyo mara kwa mara, tena kwa idhini ya serikali. Mwezi Oktoba 2013 bakteria Xylella fastidiosa iligunduliwa kwenye mizeituni ya Puglia, kusini mwa Italia. Huishi katika mishipa ya kupandishia maji na kuiziba, huhamishwa na mdudu mdogo wa povu, na haina dawa ya kuiondoa mtini. Mwaka 2015 Tume ya Ulaya iliagiza kwamba katika mita 100 kuzunguka kila mti ulioambukizwa ing'olewe mimea yote inayoweza kuipokea, hata isiyo na dalili yoyote. Baadhi ya mizeituni ya mkoa huo ina umri wa karne nyingi, na wenye mashamba walikwenda mahakamani. Tarehe 9 Juni 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliona agizo ni halali, kwa kuwa mti usio na dalili waweza kuwa tayari umeambukizwa. Lakini ilisema pia kwamba sayansi ikibadilika, agizo nalo libadilishwe. Mwaka 2020 umbali huo ulipunguzwa kuwa mita 50.

Sheria za dini zilikwisha kupita njia hiyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, hukataza kuharibu miti ya matunda wakati wa kuuzingira mji, na wasia wa Abu Bakr kwa majeshi yake ulikataza vivyo hivyo. Hata hivyo Maimonides, akikusanya sheria za Kiyahudi katika karne ya 12, aliruhusu kukata mti wa matunda unaodhuru miti mingine. Majalla, mkusanyiko wa sheria za dola ya Osmania uliokamilika mwaka 1876, ina kanuni katika kifungu cha 26 kwamba dhara la wachache hubebwa ili kuzuia dhara la umma. Kwa hiyo katazo si la kukata kwenyewe. Kinachokatazwa ni uharibifu usio na sababu, na mzigo wa kuonyesha sababu uko kwa mwenye shoka.

Sababu hiyo hudai masharti. Ugonjwa uwe umethibitishwa. Ukataji uwe na uwezo wa kuuzuia. Pasiwe na njia ndogo zaidi. Na mwenye mti mzima uliokatwa kwa ajili ya wengine afidiwe. Sharti la pili lilijaribiwa Florida, Marekani, ambako michungwa, mindimu na jamii yake yote ilikatwa katika umbali wa futi 1,900 kutoka kwa kila mti wenye ugonjwa wa madonda wa bakteria, ikiwemo ile ya uani mwa watu. Vimbunga vya 2004 na 2005 viliisambaza bakteria mbali mno, na Januari 2006 mpango ukaachwa. Kukata kusikoweza tena kuzuia kitu hakuna hoja ya kukutetea.

Msituni mizani hubadilika. Kuvu anayeozesha moyo wa mti ni balaa kwa mpasua mbao, lakini hondohondo hutaga ndani ya mapango ya miti, na nyuki nao huyatafuta. Mti ukianguka, mwanga hushuka na miche iliyosubiri kivulini huinuka. Huko mgonjwa wa kuhudumiwa ni msitu, na msitu usio na mti mgonjwa hata mmoja ndio wa kutiliwa shaka. Utetezi huo haufai kwa maradhi yaliyoletwa na watu. Kuvu aliyeingia Marekani pamoja na miche kutoka Asia, akatambuliwa jijini New York mwaka 1904, aliangamiza mabilioni ya miti ya chestnati ambayo haikuwahi kukutana naye. Hapo kukaa kando na kusema ni maumbile ni kukwepa deni, kwa kuwa aliyefungua mlango ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kutengeneza.

Wajibu kwa mti mgonjwa, basi, una mpangilio: kinga kwanza, yaani mche safi, kisu safi na karantini inayoheshimiwa, halafu utambuzi, halafu tiba inayousaidia mti kujijengea kuta, na mwisho shoka, kwa masharti yake. Anayeanza na shoka kabla ya kufukua shina hajatibu wala hajakinga. Amepoteza mti, na maradhi amebaki nayo shambani.