Kabali Isiyotumia Mabavu

Marcelo Garcia, Mbrazili aliyetwaa ubingwa wa ADCC, mashindano ya mieleka ya kukabana, mara nne katika uzani usiozidi kilo 77, mwaka 2003, 2005, 2007 na 2011, alisifika kwa kabali ya mbele.

Anayeanza kujifunza kabali hiyo huvuta kichwa cha mwenzake kwa mabavu, na mikono huchoka upesi. Garcia alizungusha mkono mmoja shingoni, akaushika kwa wa pili, kisha akainua kiwiko cha huo wa pili juu ya bega la mpinzani. Kifua kikalemea kisogo.

Mishipa mikubwa ya shingo ikibanwa hivyo, fahamu hupotea ndani ya sekunde chache.

Basi anayekwenda mazoezini leo na abane taratibu, na mwenzake akigonga kwa kiganja kukubali kushindwa, aachie papo hapo.