Kifuta Jasho: Hisani au Deni?

Wakulima wa Bunda waliopakana na hifadhi wanaijua habari hii. Mahindi yamekomaa, mtu anahesabu siku za kuvuna. Tembo wakapita usiku mmoja, asubuhi hakuna kitu. Kuwaua hawezi, sheria yamkataza. Basi huenda kwa mwenyekiti wa kijiji, shamba likapimwa, karatasi zikapelekwa wilayani, naye akangoja.

Anachokingoja huitwa kifuta jasho. Cha aliyefiwa huitwa kifuta machozi. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 25,000 kwa eka iliyo baina ya nusu kilomita na kilomita moja kutoka mpaka wa hifadhi, 50,000 hadi kilomita tano, na 100,000 kupita hapo, mwisho eka tano. Roho ya mtu iliwekewa 1,000,000. Na viongozi wamekuwa wakieleza kuwa hii si fidia, ni mkono wa pole. Viwango vyaweza kupandishwa. Mimi nauliza juu ya hilo neno pole.

Mwenye kusema ni hisani ana hoja. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa dhara la mnyama halina dhamana, na mnyama wa mwituni hana mwenyewe. Nzige wakila shamba tunamdai nani? Lakini ni yeye Mtume, ngamia wa Al-Baraa bin Azib alipoharibu bustani ya watu, aliyehukumu kuwa wenye mashamba walinde mchana, na kinachoharibiwa usiku kiwe juu ya wenye wanyama.

Tembo, basi, ana mwenyewe? Sheria ya Wanyamapori ya 2009 imejibu: wanyama ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Nzige hakuna anikatazaye kumuua, wala hakuna mgeni alipaye kiingilio kuja kumtazama. Wanazuoni wamesema mwenye kuchuma faida ya kitu ndiye abebaye hasara yake. Kwa hoja hiyo mimi naona ni deni, na mwenye uwezo akichelewesha deni amedhulumu.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitamka Arusha mwaka 1961 (si lile Azimio la 1967) kuwa wanyama hawa ni amana tuliyowekewa. Nami nakubali. Lakini amana ni yetu sote, hata sisi wa Musoma mjini tununuao unga dukani. Vipi gharama yake ilipwe na mjane wa Hunyari peke yake? Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy kulinda malisho yaliyotengwa, alimwagiza awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie matajiri, kwani maskini mifugo yake ikifa atakuja na wanawe kuomba.

Likiwa deni, lina mipaka pia. Aliyelima eka mbili akaandikisha tano anakula haki ya jirani yake, na mpimaji aliyenyamaza ni mshirika wake.

Amebaki aliye ndani ya nusu kilomita, ambaye kanuni zile hazikumwekea kitu. Husemwa amejitakia kwa kulima mlangoni mwa tembo. Huenda ni kweli kwa aliyehamia juzi. Lakini Ikorongo na Grumeti zilifanywa mapori ya akiba mwaka 1994, na aliyekuwa akilima pale kabla ya hapo, mpaka ndio uliomfuata yeye.