Ujuzi wa Bahari ni wa Nani?

Tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, mengi na mazuri yameandikwa juu ya ngoma zetu, vinyago vyetu na mashairi yetu. Ni machache yaliyoandikwa juu ya utamaduni ule usiochezwa wala kuimbwa, bali husemwa mchangani alfajiri, kwa maneno matatu au manne, baina ya mtu anayeshusha chombo majini na mtu anayekipandisha. Huulizana: hali ya nje ikoje, upepo umekaa wapi, maji yana mkondo gani leo. Maneno hayo hayaandikwi popote, na aliye nayo huwa hakumbuki ni nani aliyempa.

Sisi tuandikao haya si wavuvi wa riziki. Tu watumishi wa ofisini, tuliozoea kutunga mashairi jioni na kwenda baharini Jumapili na mshipi mkononi kwa ajili ya kuburudisha nafsi. Wenyewe wa pwani hututania kwa jina la wavuvi wa Jumapili, nasi hatukatai, maana ni kweli kwamba tukirudi mikono mitupu watoto wetu hawalali na njaa. Lakini bahari haiulizi mtu amekwenda kutafuta nini. Mwamba ule ule unaopasua ngalawa ya mwenye shida ndio upasuao boti ya mwenye starehe. Kwa hiyo sisi wa Jumapili tumekuwa wanafunzi wa wale wa kila siku, na karibu yote tunayoyajua tumeyapata kwao, bure.

Yafaa tueleze kidogo ujuzi wenyewe, ili msomaji wa bara apate kutufuata. Pwani yetu ina maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi uwapo nusu huja maji mafu, na bahari huwa kama imesinzia. Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano. Mtu akilijua hilo hana haja ya saa. Hutazama mwezi usiku, akajua kesho atashusha chombo wakati gani. Kisha kuna pepo. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, Kusi hushika toka Aprili hadi Septemba, na katikati ni tanga mbili, ambapo hata mzee husita kusema.

Sasa huu ni ujuzi wa namna mbili, na hapo ndipo linapozuka swali letu. Namna ya kwanza ni ujuzi wa hatari: wapi pana mwamba, lini mlango hufungika, wingu gani huleta dhoruba, samaki gani haliwi, kama bunju ambaye ini lake huua. Namna ya pili ni ujuzi wa pato: wapi changu hukusanyika, kina gani apatikanapo kolekole, mwezi gani nguru hupita. Mvuvi wa kale aliyegundua mwamba wenye samaki aliushika kwa macho: mnara wa msikiti uingie nyuma ya mbuyu, na ncha ya kisiwa iguse ukingo wa fungu la mchanga, hapo atie nanga. Alama hizo alizificha kama mwenye mali afichavyo hati zake, akamrithisha mwana. Hakuna aliyemlaumu. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na hakuna sheria ya dini wala ya dunia imlazimishayo kupiga mbiu.

Nasi tulikuwa na mwamba wetu. Tuliupata kwa kubahatisha, baada ya miaka ya kurudi na vidogo visivyojaza kikaango, na furaha yake haielezeki. Tulikuwa wanne katika boti moja ya faiba, na tuliapizana kutouonyesha kwa mtu. Tukitoka, tulielekea kwanza upande mwingine, mpaka pwani izame, ndipo tugeuze usukani. Tukiulizwa tulikovua, tulijibu kwa mzaha. Sisi wenyewe, kwa kuwa tulikuwa na sifa ya ushairi, ndio tuliotwikwa kazi ya kujibu.

Jumapili moja ya mwezi Julai mwaka 2009, Kusi imeshika na bamvua imo, tulikuwa tukishusha boti saa kumi na moja alfajiri katika pwani moja ya kusini ya Kigamboni. Karibu yetu walikuwapo vijana watatu na boti ndogo ya kuazima. Walikuwa wageni wa mahali pale, wanapenda kuvua kama sisi, na mashine yao ilikuwa ikiwasumbua. Mmoja wao alitujia akatuamkia, “Shikamooni.” Tukaitika, “Marahaba.” Akauliza mlango wa mwamba hupitika mpaka saa ngapi. Sisi tulidhani anataka kutufuata. Tulimtazama, tukatabasamu, tukamjibu: “Bahari haina saa, mwanangu.”

Wenzetu walicheka. Naye alicheka, kwa adabu, akarudi kwenye mashine yake.

Bahari ilikuwa na saa, nasi tuliijua. Mlango ule siku za bamvua hauna neno mpaka saa kumi na mbili. Ikifika saa moja maji yamekwisha toka nusu, nayo yote yaliyomo ndani ya mwamba yanakimbilia uwazi mmoja mwembamba. Mkondo huo ukikutana na mawimbi ya Kusi yajayo kwa nje, mawimbi hayapiti tena. Husimama wima, moja nyuma ya jingine, kisha huvunjika. Kutoka pwani huonekana weupe kidogo tu. Anayeketi ndani ya boti ndogo haoni kitu mpaka amekwisha fika, na akifika hawezi kugeuka, kwa maana akitoa ubavu anapinduliwa. Sisi wanne tulilijua hilo kama tujuavyo mlango wa nyumba zetu, na tulifundishwa na mzee mmoja mwenye ngalawa siku ya kwanza kabisa tulipokanyaga pwani ile, kabla hata hatujamwuliza.

Mashine ya vijana ilipona saa moja kasorobo. Wakatoka.

Tulirudi alasiri, maji yalipojaa ya kutosha, na tenga la changu. Tulikuta watu wamekusanyika. Wawili waliokolewa na ngalawa. Wa tatu, yule aliyetuamkia, alipatikana siku ya tatu. Mzee yule aliyetufundisha mlango alikuwa ameketi juu ya gogo, nguo zimemlowa, kwa maana ndiye aliyewafuata majini. Alituuliza, “Hawa watoto hawakukuulizeni kitu, mabwana?” Tukamwambia, “Walituuliza.” Hakusema neno. Aliinuka akaenda kukunja tanga lake.

Wapo waliotufariji kwamba hatukumsukuma mtu majini, na kwamba vijana wa siku hizi hata wakiambiwa hawasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema. Methali hiyo ni ya kweli, lakini imekadiria kwamba mkuu amesema. Haikutuambia guu ni la nani mkuu anapoulizwa naye akatoa mzaha. Tumelifikiri pia lile neno marahaba. Katika desturi yetu salamu hii si sauti tupu. Mdogo anapotuamkia huweka kitu mikononi mwetu, nasi tunapoitika tunakipokea. Na hatujui ni malipo gani mengine ya salamu ile kama si kumwambia mdogo lile tulilotangulia kuliona. Sisi tulipokea shikamoo, tukabaki nayo.

Sheria ya dunia imelisema sehemu yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unayataka mataifa yawalazimishe manahodha kumsaidia yeyote wamkutaye katika hatari ya kupotea baharini. Hilo ni jema. Lakini sheria humngoja mtu mpaka awe ndani ya maji. Mzee wa ngalawa, ambaye hatudhani alipata kuisikia, alikuwa na sheria yake iliyoanza mapema zaidi, nchi kavu, na isiyogharimu mafuta wala tanga.

Hata hivyo tusimtendee vibaya mwenye kutoa hoja ya usiri, kwa kuwa anayo hoja. Historia ya pwani hii yenyewe inamsaidia. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alipewa rubani na mfalme wa Malindi, na kwa ujuzi wa rubani huyo Wareno wakavuka bahari, wakafika Calicut mwezi wa Mei. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba rubani huyo ni Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa Julfar katika Ghuba. Wataalamu wengi sasa hawakubali, na maandishi ya Wareno wenyewe yamtaja mtu wa Gujarati. Awe nani awaye, ujuzi ulitolewa, na mwaka 1505 Wareno waliivamia Kilwa na Mombasa wakaziteka nyara. Je, haikuwa heri rubani anyamaze?

Na karibu zaidi nasi, tumewaona wavuvi wa baruti. Sheria iliwakataza zamani, lakini kwa miaka mingi milio yao ilisikika, na mwamba waliouambiwa haukuwa mwamba tena. Aliyewaonyesha mahali pa samaki aliwapa kisu cha kuchinjia wanao na wetu. Siku hizi mambo yamekuwa mepesi kupita kiasi: kijana aweza kukaa dakika moja juu ya mwamba uliotafutwa kwa miaka 30, akabonyeza simu yake, satelaiti ikamwandikia mahali alipo, na jioni watu 200 wakaupata. Yule mwenye mnara na mbuyu akiwaonea uchungu watu hao, hatumwiti mchoyo. Samaki wana kikomo. Ndiyo maana mwaka 1975 Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilifanywa hifadhi, ili pasivuliwe.

Lakini tazama vizuri hoja hizo mbili. Ujuzi uliotumiwa kudhuru katika habari ya baruti ni ule wa pato, na huo twakubali kwamba una mwenyewe. Ukigawanywa hupungua. Ujuzi wa hatari haupungui. Kijana akijua kwamba mlango hufungika saa moja, sisi hatubakiwi na saa moja pungufu. Habari ya rubani ndiyo ngumu zaidi, kwa maana aliyopewa mgeni ilikuwa njia, na njia ni salama na pato kwa pamoja. Hatuna jawabu kamili. Twaona tu kwamba ubaya wa 1505 ulikuwa ndani ya merikebu zile kabla rubani hajapanda, na kwamba bin Majid mwenyewe, ambaye hakufundisha kwa siri, alizitia njia za bahari katika tungo ndefu ili mabaharia wazihifadhi kwa moyo, pamoja na ile iihusuyo Sofala na pwani hii yetu. Alikuwa mshairi na nahodha, naye alitumia vina kwa kazi hiyo. Sisi tulikitumia kipawa hicho kwa “bahari haina saa”.

Kosa letu halikuwa kuuficha mwamba. Lilikuwa kwamba, kwa kuulinda mwamba, tulizoea kufumba mdomo, na mdomo uliozoea kufumbwa hauchagui. Kijana aliuliza habari ya uhai wake, sisi tukasikia habari ya samaki wetu. Tena usiri huo ulikuwa ukituzunguka sisi wenyewe tusijue: kwa miaka yote ile tulipoelekea kwingine ili tusifuatwe, hakuna mtu nchi kavu aliyejua pa kututafuta. Pangaboi ingeliponaswa na wavu, au mafuta yangeliingia maji, wangelitutafuta kaskazini nasi tuko kusini.

Basi sasa huacha habari kwa mtu mmoja, mke au jirani, ya upande tuendako na saa tutakayorudi, pasipo kutaja mwamba; lawezekana. Huwaambia wageni mambo machache tuliyofundishwa: kwamba nanga na kamba yake ndefu ni breki ya chombo, mashine izimikapo karibu na mwamba, kwamba makasia yawemo hata kama mashine ni mpya, kwamba jaketi la kuokolea huvaliwa, halikaliwi, kwamba utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe jana, si leo, na kwamba chombo kikipinduka mtu akishikilie, asidanganywe na ukaribu wa pwani. Yule wa tatu alikuwa mwogeleaji hodari. Aliiacha boti ili akaite watu.

Mwamba wetu bado hatujamwonyesha mtu. Saa ya mlango twaitaja kwa kila apitaye, aulize asiulize, na wapo wanaotucheka. Juzi, kabla jua halijachomoza, kijana mmoja alipita mchangani akatuamkia. Tukamwambia, “Marahaba. Maji yameanza kutoka saa kumi na nusu, mlango mwisho saa kumi na mbili.” Alisimama akatutazama, kisha akatuonyesha birika na kikapu chake. Alikuwa akiuza kahawa na kashata.