Mgonjwa Mlangoni: Tiba ya Serikali na Tiba ya Ujira

Amma baadu. Watu hubishana: tiba iwe juu ya Serikali, au iachwe kwa wenye hospitali za ujira? Tanzania Bara ilizuia tiba ya biashara mwaka 1977, ikaifungua tena 1991. Basi zote mbili zimeonjwa.

Ujira wenyewe si haramu. Masahaba walipokea kondoo kwa kumsomea Fatiha aliyeumwa na nge, na Mtume (s.a.w.) akawakubalia. Lakini Imamu Ghazali ameuhesabu utabibu katika faradhi za kifaya; mji ukikosa tabibu, lawama ni ya wote. Na Sultani Qalawun alipojenga bimaristani yake Misri mwaka 1284, aliiwekea wakfu, wakaingia tajiri na fakiri.

Shida iko mlangoni: mgonjwa yu katika kukata roho, na karani ataka fedha kwanza. Imamu Nawawi katika Minhaji amesema juu ya chakula: asiyekihitaji yampasa ampe mwenye dharura, na thamani, ikiwa hanayo, huwa deni. Je, dawa ni duni ya tonge? Atibiwe kwanza, adaiwe baadaye. Na deni likimshinda, yumo katika wenye madeni waliotajwa katika aya ya zaka.