FINALISTI ASIACHWE NJIANI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Baba zetu, mama zetu na vijana wa Kisenge! Ninaiusia kwanza nafsi yangu, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu. Leo tuzungumze juu ya watoto wetu walio katika mwaka wa nne wa humanite, ule ambao wazee wengi wanaendelea kuuita wa sita. Ni finalisti. Mbele yao kuna mtihani wa Serikali, ambao katika nchi yetu ulianza mwaka 1967, na asiyeupasi haingii chuo kikuu.

Ndugu zangu, huyu mtoto amesoma miaka mingi. Alipokuwa mdogo alikimbilia masomo bila kusukumwa. Sasa amebakiza miezi tu, na ndipo tunamwona amelala mchana, daftari limefungwa, ukimwuliza anajibu kwa sauti ya chini kwamba amechoka. Wazazi wengi tunasema ni uvivu. Mimi nasema tusiharakishe kuhukumu.

Katika Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi wetu tunaisoma kila Ijumaa, Mwenyezi Mungu ametupa kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofunga safari kumtafuta mja aliyepewa elimu ambayo yeye hakuwa nayo. Aliambiwa alama yake ni samaki: pale samaki atakapopotea, hapo ndipo mahali penyewe. Wakafika kwenye mwamba, wakapumzika, samaki akaingia baharini, nao wakaendelea bila habari. Asubuhi Musa akaomba chakula na kusema kwamba safari imewachosha. Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Musa hakuhisi uchovu mpaka alipokwisha kupita mahali alipoamrishwa.

Tuangalie vizuri. Aliyechoka ni Nabii wa Mungu, tena katika njia ya elimu, na uchovu ulimpata karibu kabisa na kile alichokitafuta. Alifanya nini? Hakurudi nyumbani. Walizifuata nyayo zao mpaka kwenye mwamba. Basi kijana, ukijikuta huelewi tena hesabu au kemia ya mwaka huu, rudi nyuma ulikoachia. Fungua daftari la mwaka jana, au la mwaka juzi. Si aibu. Wengi wanaokata tamaa wanalazimisha somo la leo wakati shimo liko katika somo la zamani.

Na Musa hakusafiri peke yake. Alikuwa na kijana wake, Yusha bin Nun. Finalisti anayesoma peke yake chumbani, simu mkononi, shetani ndiye mwenzake wa masomo. Watafuteni wenzenu wawili au watatu, mkutane saa inayojulikana, hata kama siku hiyo hakuna mwenye hamu. Hamu huja na kuondoka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Saa moja baada ya Swala ya Alfajiri, kila siku, tangu Septemba, ina baraka kuliko usiku kumi za kukesha kwa kahawa wakati mtihani umeshafika mlangoni. Tena mtihani huu hauji siku moja. Kuna sehemu inayotangulia, yenye insha ya Kifaransa, na baadaye siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Anayengoja ahamasike, hiyo ya kwanza inampita.

Sasa tuseme lile ambalo vijana wanalisema nje ya msikiti. Wanasema: kaka yangu ana diploma ya Serikali na anauza mafuta ya pikipiki kwenye chupa, rafiki yangu aliacha masomo, akaenda machimbo ya Kolwezi, amerudi na pikipiki yenyewe. Hili si neno la kijinga, na imamu asiyelijibu anasemea hewani. Ndiyo, diploma haimpi mtu kazi siku ya pili. Lakini sisi wa Kisenge tunajua mali ya ardhini ilivyo. Vita vya Angola vilipoikata reli ya Benguela mwaka 1975, manganizi yetu ilikosa njia ya kwenda bandari ya Lobito, na madini ya Kongo hayakupita tena njia hiyo mpaka mwaka 2018. Miaka zaidi ya arobaini! Madini yalikuwapo, kampuni ilikuwapo, na familia zikakaa na njaa. Pikipiki ya machimbo inakwenda na bei ya madini. Na wako ambao shimo limewafunika. Hao hawarudi kutusimulia.

Kuna jambo jingine tusilolisahau kama Waislamu. Wakati wa Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa misioni, na babu zetu, hasa wa upande wa Kasongo na Maniema, waliogopa mtoto atabatizwa, wakamweka nyumbani na chuo cha Kurani. Tuliingia katika masomo ya nchi hii tumechelewa. Kila finalisti wa Kiislamu anayeacha mwezi wa tatu anaturudisha kule.

Kwa wazazi. Binti wa mwaka wa mwisho anaamka wa kwanza kuchota maji na analala wa mwisho, kisha tunashangaa anasinzia darasani. Punguzeni kazi zake mpaka mtihani upite. Minervali isingoje mpaka mtoto afukuzwe mbele ya wenzake. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi, siyo humanite. Na posa zingoje.

Na pesa za kununua majibu zisitoke katika nyumba zetu. Mtume (S.A.W.) alimkuta mfanyabiashara sokoni ameficha nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu, akasema kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Kijana akijua kwamba baba ameshalipa, kwa nini afungue daftari? Mnamwua moyo kwa mkono wenu.

Mwaka 2020 korona ilifunga shule mwezi wa tatu, finalisti wakarudi Agosti na kufanya mtihani. Waliopona ni wale walioendelea kushika daftari nyumbani wakati hakuna mwalimu wala kengele.

Baada ya Swala, wazazi wenye finalisti wabaki kidogo. Tunataka msikiti uwe wazi na wenye taa kila usiku baada ya Isha, kwa wavulana na, upande wao, kwa wasichana, na tunatafuta waliosoma hesabu na Kifaransa wakae nao.

Ewe Mola, wape watoto wetu nguvu, uwaondolee huzuni na uvivu, uwafungulie yaliyowafunga, na uwarehemu walimu wao. Amin.

Simameni kwa Swala.