Je, Mtu Hupunguzwa?

Kila lugha ina maneno ambayo watu huyatumia ili waseme jambo, na mengine ambayo huyatumia ili wasilazimike kulisema. Leo twataka kulichungua neno moja ambalo wanafunzi wetu hulisikia redioni na nyumbani, nalo ni kupunguza, litumiwapo juu ya watu walio kazini. Swali letu si la sarufi peke yake; ni swali la haki pia: je, mtu hupunguzwa?

Tuanze na matumizi ya kila siku. Mpishi hupunguza moto ili wali usiungue. Kinyozi hupunguza nywele. Mnunuzi sokoni humwambia mwuzaji, "Nipunguzie kidogo." Katika mifano hii kinachopunguzwa ni kiasi, nacho hubaki: moto ungali moto, na bei ingali bei. Mkulima naye hupunguza miche ya mahindi ili ibakiayo ipate nafasi, na mche ung'olewao hauulizwi neno. Lakini mtu si mche, wala mtu mmoja hana kiasi. Akitolewa kazini, habaki robo yake mezani. Ametoka mzima, pamoja na karo ya watoto wake na kodi ya nyumba yake. Kwa hiyo, "Idadi ya makarani imepunguzwa" ni sentensi sahihi. Ama "Fulani amepunguzwa" yataka kutazamwa tena.

Kiingereza nacho kimepita njia hiyo. Neno "downsizing" lilienea Marekani katika miaka ya 1970 kwa habari za motokaa. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, viwanda vilianza kuunda magari madogo kuliko yale ya zamani, na neno hilo likawa jina la kazi hiyo. Katika miaka ya 1980 likahamishiwa kwa wafanyakazi. Lililosemwa juu ya chuma likasemwa juu ya watu.

Kwetu Uganda jambo lenyewe lilitufikia kwa nguvu katika miaka ya 1990. Mwaka 1990 watumishi wa serikali walikuwa zaidi ya 300,000. Katikati ya mwongo ule walikuwa wamebaki karibu nusu. Jeshi nalo, ambamo Kiswahili kimetumika tangu enzi za ukoloni, liliwarudisha uraiani askari zaidi ya 30,000 kati ya mwaka 1992 na 1995. Hatusemi kwamba hatua hizo hazikuwa na sababu. Mishahara ilikuwa haitoshi kumlisha mtu mwezi mzima, na katika orodha za malipo yalikutwa majina ya watu wasiokuwapo. Majina hayo yaliweza kupunguzwa kweli, kwa maana yalikuwa wino tu. Lakini mtu mwenye jina hafutiki kwa kalamu.

Hapa mwenzetu aweza kutupinga, akisema: "Mbona waliopoteza kazi wenyewe hulipenda neno hilo?" Ni kweli. Mtu arudipo kijijini na sanduku lake, jirani akamwuliza kulikoni, hasemi, "Nimefukuzwa," kwa sababu afukuzwaye hudhaniwa kuwa ameiba au amelewa. Husema, "Tumepunguzwa." Twamwomba msomaji auangalie wingi huo. Maana yake ni kwamba hakuwa peke yake, wala hakukosa. Hapo neno limekuwa ngao ya heshima yake, na mwalimu asimsahihishe.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaafikiana naye, kwani yaeleza kuwa kupoteza kazi kwa njia hii si kwa kosa la mfanyakazi. Tena yamtaka mwajiri atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na alipe ujira usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi uliokamilika. Anapochagua wa kuondoka, yampasa azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa kila mmoja. Tuseme tena: kwa kila mmoja. Kuhesabu vichwa hakutoshi.

Basi jawabu letu ni hili: neno hilo hilo hubadilika kwa kadiri ya kinywa kilitamkacho. Kwa aliyeondolewa ni ngao. Kwa aliyeondoa ni pazia. Mkubwa wa kazi aandikapo, "Wafanyakazi wamepunguzwa," kauli ya kutendwa humficha mtenda, kana kwamba upepo tu ndio uliopita ofisini. Yeye yampasa aseme, "Tumewaachisha kazi watu hawa, kwa sababu hizi." Hata kitenzi hicho cha kuachisha kina funzo ndani yake: mama amwachishapo mtoto ziwa, huwa amekwisha kuandaa uji.

Sisi walimu twaweza kulifanya hili kuwa zoezi la darasani. Tuandike ubaoni, "Wafanyakazi wamepunguzwa," kisha tuwaulize wanafunzi: Ni nani aliyepunguza? Kwa sababu gani? Walioondoka ni akina nani, na wamepewa nini? Mwanafunzi atakayeweza kuigeuza sentensi hiyo kutoka kutendwa hadi kutenda atakuwa amejifunza zaidi ya sarufi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni maneno ya faraja, na wengi waliopoteza kazi wameyathibitisha kwa jembe, kwa duka na kwa cherehani. Lakini mwenye haki ya kuyatamka kwanza ni mhunzi mwenyewe. Aliyelivunja koleo, na aanze kwa kusema kwamba amelivunja.