Juya: Moja

Fomu ilikuwa na safu tano: tarehe, diko, chombo, zana, idadi. Nilikaa juu ya gogo la mnazi pale pwani ya Mtoni, kalamu mkononi, nikihesabu. Mishipi kumi na moja. Madema ishirini na mawili. Jarife manne. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mradi mmoja wa utafiti ulinichukua kwa miezi mitatu, na posho yake ndiyo iliyokuwa ikinilipia chumba na chakula katika mwaka wa kwanza wa shahada ya umahiri. Ilipofika saa nne, maji yakikupwa, mashua ya Ami iliingia. Ndani yake, chini ya turubai lisilomdanganya mtu yeyote wa pale, mlikuwa na juya.

Niliandika: Juya, moja.

Jina sikuandika, kwa sababu fomu haikuuliza jina. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile.

Ami ni mdogo wake baba. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tokea hapo sare, madaftari, twisheni ya hesabu na nauli ya daladala ya kwendea skuli vilitoka kwenye juya lile, au kwenye lile lililokuwepo kabla yake. Jioni nilikuwa nikishuka pwani na kikapu. Watoto wa kiume walisaidia kuvuta kamba, na mwisho kila mmoja akapewa kitoweo chake, samaki wawili watatu. Mimi nilipewa bila ya kuvuta kwa kuwa ni mtoto wa nyumba. Chafi, mikundaji, vichangu visivyozidi urefu wa kiganja changu cha wakati ule. Mama akiwakaanga wakavu, tukiwatafuna pamoja na miba yao. Nilikuwa nikiamini kuwa ndivyo walivyoumbwa: Mungu kaumba samaki wadogo kwa ajili ya watu wa Mtoni na wakubwa kwa ajili ya mahoteli. Nilikuwa nimeshafika chuo nilipojua kwamba wengi wao walikuwa watoto.

Kwa asiyelijua, juya ni nyavu ndefu yenye mabawa mawili na mfuko katikati. Juu ina maboya, chini ina risasi. Hutupwa kwa kuzungusha, kisha watu huvuta kwa pande mbili, ama kuja pwani ama kuja chomboni, na ule upande wa risasi hukokotwa juu ya mchanga, majani ya bahari na matumbawe. Kilichomo njiani huja chote. Na majani ya bahari ndiyo malezi ya chafi na changu, pahala wanapojificha mpaka wapate ukubwa wa kwenda kwenye miamba. Ndiyo maana juya limekatazwa Zanzibar chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 na kanuni zake. Bara, ambako wanaliita kokoro, limekatazwa pia, na Kenya walilipiga marufuku mwaka 2001. Kwa hiyo kutoka Lamu mpaka Mtwara juya ni kosa, na kutoka Lamu mpaka Mtwara bado linavutwa.

Niseme mapema: kwa upande wa samaki, sheria iko sawa. Sitaki kuandika ile makala ambayo mvuvi maskini ana haki kwa kuwa ni maskini na ofisa ana makosa kwa kuwa ana buti. Nimeizoea, na nina wenzangu darasani wanaoiandika vizuri kuliko mimi, wakiwa wamezaliwa pahala pasipo na bahari. Juya si ugomvi wa wanyonge na serikali tu. Katika Ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa kisiwa hiki hiki, miaka ya 1990 watu wa Marumbi waligombana vikali na wavuvi wa majuya wa Chwaka. Marumbi ni watu wa madema. Dema hulizamisha leo, ukarudi kesho. Ukirudi ukakuta juya limepita, hulioni dema lako wala samaki wake. Mtu wa Marumbi hakuhitaji kusoma sheria yoyote ili ajue kuwa amedhulumiwa.

Lakini sheria kuwa sawa kwa samaki ni jambo moja, na kuwa na haki kwa watu ni jambo jengine. Hapo ndipo nilipokwama, na nimekwama na fomu yangu.

Darasani tulisoma makala ya Garrett Hardin ya mwaka 1968, ile ya malisho ya wote. Kila mchungaji anaongeza ng'ombe mmoja kwa faida yake, hasara inagawanyika kwa wote, mwisho malisho yanakufa. Hoja imenyooka sana. Kilichonisumbua ni kuwa mchungaji wa Hardin hana mtoto wa marehemu kaka yake anayesoma. Yuko peke yake pale malishoni, yeye na ng'ombe wake na hesabu yake. Ami hakuwa peke yake hata siku moja. Kila juya lilipopanda, samaki waligawiwa mafungu: fungu la nyavu, fungu la chombo, mafungu ya wavutaji, kitoweo cha watoto. Fungu la nyavu ndilo lililonisomesha. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kosa lenyewe liligawiwa mafungu mangapi.

Nilianza kwa kumuuliza Mama, ambaye hajasoma Hardin.

"Mama, samaki akivuliwa kwa nyavu iliyokatazwa, ni halali kumla?"

"Samaki hana kuchinjwa, mwanangu. Cha bahari halali."

"Hata nyavu ikiwa haramu?"

"Kaiharamisha nani?"

"Serikali."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Basi na ije ipike yenyewe."

Nilidhani yameisha. Usiku, tukiwa barazani, akasema bila ya kuulizwa: "Wale wadogo sana lakini, moyo ulikuwa haupendi. Wengine hata magamba ya kuparuwa hawajayapata."

Mafakihi wana kanuni ambayo hata mtoto wa chuoni anaijua, kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Kanuni hii inaliweka juya pabaya, kwa sababu anayedhurika yupo: mwenye dema, na mvuvi wa miaka kumi ijayo. Lakini nikiifuata mpaka mwisho, haisimami pwani. Inapanda na samaki mpaka mnadani, ikaenda na mchuuzi na baskeli yake, ikaingia jikoni kwetu. Alaye naye ana fungu lake.

Mwaka 2018, Bara walipokuwa katika operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu nyingi zikichomwa moto huko Ziwa Viktoria, maofisa wa wizara waliingia na rula katika kantini ya Bunge Dodoma. Wakawapima samaki waliokwisha kupikwa. Ilikuwa mwezi wa Juni. Wabunge walikuja juu na nchi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, ile picha ya sato mkaangwa na rula pembeni yake ilizunguka kila simu. Siku hizi naifikiria tofauti. Hiyo ni mara moja ninayoikumbuka mimi ambapo sheria ilimfuata samaki mpaka kwenye sahani, na tukaona ni kichekesho. Kumchomea nyavu mtu asiyekuwa na chengine hakukumchekesha mtu, wala hakukumshangaza. Lau rula ile ingeendelea na safari, ingefika kwenye cheti changu cha Kidato cha Sita.

Tena kuna watoto wa samaki na watoto wa samaki. Nje huko, kwenye bahari kuu, meli za kigeni zinavua jodari kwa leseni, na nyavu ya meli moja inaweza kuzidi urefu wa kilomita moja. Mwaka 2015 wanasayansi wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi walisema wazi kuwa jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, na meli zinazomzungushia nyavu kwenye maboya ya kuvutia samaki hupata wengi ambao bado ni wachanga. Dawa yake ikawa ni mikutano, viwango vya kuvua, mataifa kupinga, mikutano tena. Sisemi kuwa hili linamsafisha Ami. Mwizi wa kuku hasafishiki kwa kuwa yuko mwizi wa ng'ombe. Nasema tu kuwa mtoto wa jodari hujadiliwa hotelini kwa miaka, na mtoto wa changu huamuliwa kwa kiberiti, mchana mmoja.

Mchana wenyewe ulikuja wiki tatu baada ya fomu yangu. Nilikuwa chuoni. Mama alinipigia simu, akasema maneno machache tu: wamekuja, wamelichukua, wamelichoma pale pale. Nailoni ikiungua hutoa moshi mweusi na harufu inayokaa nguoni. Alisema amefua mara mbili. Watu kumi na wanane walikuwa wakivuta kwa juya lile. Wawili sasa wanaendesha bodaboda, mmoja amekwenda dago Pemba, waliobaki sijui wanaishi vipi. Hao hakuna aliyewachomea kitu, kwa sababu hawakuwa na kitu. Hawakuwa na nyavu wala chombo, walikuwa na mikono tu.

Nilimwendea msimamizi wa mradi. Alikuwa muungwana. Alinihakikishia kuwa fomu za mmoja mmoja hazitoki ofisini, kinachopelekwa ni jumla kwa kila diko. Akanionyesha jedwali kwenye kompyuta. Nikaitafuta safu ya Mtoni. Juya: 1.

Jumla ya moja ni jina.

Labda si fomu yangu. Wenye madema walikuwa na sababu zao za kusema, na boti za doria zina macho yake. Sitalijua hilo, na nimeacha kulitafuta, maana nikigundua kuwa si mimi, swali litabaki pale pale: nilipoandika, nilikuwa na haki ya kuandika?

Nimelizungusha. Ningeacha tupu, takwimu zingesema uongo, na takwimu za uongo zina wahanga wake. Mtu wa Marumbi ana haki ya kuhesabiwa hasara yake kama Ami alivyo na haki ya kuhurumiwa. Ningeandika "jarife" badala ya "juya", ningekuwa mwongo na mwoga kwa pamoja. Sioni njia ambayo kuandika kwangu kulikuwa kosa.

Kosa naliona kwengine, na aliyenionyesha ni Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Yeye hakukaa akamfikiria mchungaji. Alitazama watu halisi wanavyoshirikiana misitu, mifereji na maeneo ya kuvulia, akaona kuwa waliofanikiwa kwa muda mrefu wana mambo fulani wanayafanya, na moja ni adhabu inayopanda ngazi. Kwanza unaambiwa. Unaambiwa na mtu anayekujua. Ukirudia unatozwa kidogo, ukirudia tena kingi. Moto, ukiwepo, uko ngazi ya juu kabisa.

Nilipofika hapo kwenye kitabu nilikifunga. Kwa sababu ile ngazi ya kwanza, kwa Ami, ilikuwa mimi. Nilijua juya linafanya nini tangu mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Nilikuja likizo, nikala, nikapokea nauli ya kurudia, nikarudi kuandika insha juu ya majani ya bahari na kupata alama nzuri. Sikumwambia. Nilijipa sababu kwamba ni adabu: mtoto hamfunzi mzee wake kazi. Lakini adabu ile haikunizuia kuhesabu. Niliweza kumwandika, sikuweza kumwambia. Nikirudishwa juu ya lile gogo nitaandika vile vile, ila siku moja kabla nitakuwa nimeshakaa naye barazani, nimemwambia Ami, nakuja kuandika, na hiki ndicho ninachokijua. Pengine angenifukuza. Pengine angelificha juya vizuri zaidi, na hapo ningekuwa na swali jengine la kuandikia.

Nilirudi nyumbani sikukuu ya Idi. Ami alikuwa kivulini karibu na magofu ya kasri, pale alipozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, pahala ambapo watalii hupiga picha na wavuvi hutandaza nyavu. Alikuwa akishona jarife kuukuu alilouziwa kwa mkopo.

"Shikamoo Ami."

"Marhaba, mwanangu. Umekonda."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga la kusema tangu kwenye boti, na sasa halikutoka. Yeye akaendelea na sindano yake, fundo kwa fundo. Baadaye akasema, hakuinua uso:

"Nasikia mnapima huko."

"Ndio, Ami."

"Mnapima vipi?"

Nilimpeleka mtoto wake mdogo nyumbani akaja na rula ya skuli, ile ya plastiki, imevunjika pembe. Nikamwonyesha: unalivuta tundu mpaka linyooke, kisha unasoma kutoka fundo hili mpaka fundo la pili. Akalishika tundu kwa vidole vyake viwili, akalivuta. Nikaweka rula.

"Soma tusikie."

Nikasoma.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasogeza nyavu mapajani, akatafuta pahala pengine.

"Pima na jengine," akasema.